Kukimbia na Kwenda Mbio

Katika vijitabu vingi vya kuwaandaa wanafunzi wetu wa sekondari kwa mtihani wa Kiingereza kuna ukurasa mmoja ambao haukosi. Ni ukurasa wa maneno yanayodaiwa kuwa na maana moja. Juu huandikwa run, na chini yake hupangwa mengine kama askari wa gwaride: dash, dart, bolt, sprint, rush, trot, gallop, scurry, scamper, flee. Mkabala na kila neno huwekwa Kiswahili chake, nacho ni kukimbia, kukimbia, kukimbia sana, kukimbia haraka, halafu kukimbia tena. Mwanafunzi hukariri safu ya kushoto, huiamini safu ya kulia, na hutoka darasani akidhani kwamba Waingereza ni watu wa ajabu waliobuni majina kumi na moja ya kitu kimoja, na kwamba sisi ni maskini wenye jina moja tu.

Nimeutazama ukurasa huo kwa miaka mingi ya ualimu, na sasa nikiwa nimestaafu hapa Morotonga, jirani na mji wa Mugumu, nataka kuuhakiki kama mtu ahakikivyo riwaya au shairi. Msomaji asishangae. Ukurasa unaosomwa na maelfu ya vijana kila mwaka unastahili uhakiki kuliko riwaya inayosomwa na watu mia mbili. Na dai langu ni hili: ukurasa huo unazidhulumu lugha mbili kwa mpigo mmoja.

Tuanze na dhuluma kwa Kiingereza. Maneno yale kumi na moja hayakuzaliwa siku moja wala nyumba moja. Kila moja lina kwao. Bolt lilikuwa kwanza mshale mfupi na mzito wa upinde wa mtambo. Anayeondoka kwa namna hiyo huondoka mara moja na kwa mstari ulionyooka, bila kutazama nyuma. Dart ni mkuki mdogo wa kurusha kwa mkono, kwa hiyo neno hilo lina ufupi ndani yake: mjusi huvuka ukuta kwa namna hiyo, lakini mtu hawezi kwenda hivyo kutoka hapa hadi Tarime. Scamper linadhaniwa kutokana na maneno ya Kifaransa na Kitaliano ya kutoroka uwanja wa vita, ingawa leo limepungua ukali na kuachiwa watoto na wanyama wadogo. Trot na gallop ni maneno ya farasi, yaliyoingia Uingereza kutoka Ufaransa. Canter, ambalo ukurasa wetu hulisahau, ni kifupi cha mwendo wa Canterbury, yaani ule mwendo wa wastani ambao mahujaji waliopanda farasi walisemekana kuutumia wakielekea kanisa kuu la mji huo. Stampede nalo lilitoka kwa wachunga ng'ombe waliozungumza Kihispania huko Mexico, likapita mikononi mwa Wamarekani, na leo hutumiwa na kila mgeni anayeandika habari za nyumbu wetu.

Msomaji ataona kwamba orodha hiyo ni historia. Ndani yake mna vita, uwindaji, hija na ufugaji. Mwingereza anapochagua neno moja kati ya hayo, huwa ameshamwambia msikilizaji ni nani anayekwenda, kwa nini, umbali gani, na hata kama anastahili heshima au kicheko. Mzee wa heshima akiandikiwa scurry ametukanwa, kwa sababu hayo ni mambo ya panya. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba yote ni kukimbia ataandika kwamba mkuu wa shule alitoka ofisini kwa mwendo wa panya, na hataelewa kwa nini mtahini amechora mstari mwekundu.

Lile la kwanza katika orodha, run, lina mambo yake peke yake. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia walihesabu maana 645 za kitenzi hicho. Kwa Kiingereza mto huenda mbio, na pua, na injini, na duka, na basi la Musoma, na rangi ya kanga inapofuliwa. Kwetu mto hutiririka, pua huchuruzika, injini hunguruma, duka huendeshwa, basi hufanya safari, na kanga huchuja. Hatukukosa maneno, tuliyagawa. Lugha moja imechukua gunia moja ikatia kila kitu, na nyingine imeweka kila nafaka katika kinu chake. Kazi ya mwalimu ni kuonyesha tofauti hiyo, kwa maana hakuna kosa la aibu linalotendeka katika insha za watoto wetu kama kulifuata neno la Kiingereza mahali ambapo Kiswahili hakiendi.

Sasa nigeukie dhuluma ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Safu ya kulia ya ukurasa ule inasema kwamba Kiswahili kina kukimbia basi. Nani aliyesema hivyo aliwahi kukaa barazani akasikiliza watu wakisimulia? Mtu aliyeguswa na nyoka usingizini hukurupuka. Mwizi aliyeshikwa kola huchopoka. Kijana aliyeitwa na mama yake akajua kosa lake hutimka. Swala aliyekuwa amelala kwenye nyasi ndefu hufyatuka kama mtego. Anayekwenda hadi asionekane tena huyoyoma, na asiyejulikana alikoelekea hutokomea. Kuna kutimua mbio, ambako humo humo mna vumbi linaloinuka nyuma ya visigino. Kuna kutoka mguu niponye, ambako mtu huisihi miguu yake kama mgonjwa amsihivyo mganga. Na kuna kukata mbuga, msemo ambao kwa sisi tunaokaa kando ya Serengeti si tamathali hata kidogo. Mbuga iko pale, na wako wanaoikata.

Hata farasi tunayemsifia Mwingereza, Kiswahili hakikumwacha. Watu wa pwani walikuwa na punda na farasi wao, nao waliita mwendo wa punda wa haraka kidogo telki, ule wa kudundadunda matiti, na ule wa kasi kamili shoti. Maneno hayo yamo katika kamusi zetu. Ni kweli kwamba bara hatukuyatumia sana. Katika nchi ya mbung'o farasi haishi, na ukimwambia mtoto wa Mara kwamba punda amekwenda matiti darasa zima litacheka kwa sababu nyingine. Lakini hayo ni maneno ya Kiswahili, na ukurasa unaoweka kukimbia mbele ya trot na gallop umeyazika yakiwa hai.

Na kuna neno moja ambalo Kiingereza hakina, nalo ni mchakamchaka. Kila aliyesoma shule za msingi za nchi hii, au aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, analijua. Ni mbio za alfajiri, watu wakiwa katika mistari, miguu ikipiga chini kwa pamoja na wimbo ukipokezanwa. Anayelitafsiri kwa jog amepoteza mistari, wimbo na alfajiri, akabakiwa na mtu mmoja mwenye raba mpya anayejali kiuno chake. Nalitaja ili kusema kwamba safu hizi mbili zingeweza kusomwa pia kutoka kulia kwenda kushoto, na hapo Mwingereza naye angeonekana maskini.

Lakini hayo yote ni mapambo yakilinganishwa na jambo lililonifanya nishike kalamu. Neno lenyewe kukimbia, ambalo limewekwa mbele ya kila kitu, halina maana ile ambayo vijitabu vinaipa. Asili ya kukimbia ni kuondokea kitu. Ukimkimbia mtu, unamwogopa au umemchoka. Aliyeikimbia nchi yake ni mkimbizi, na mahali anapopata salama ni kimbilio. Mwendo wenyewe, ule wa miguu kupishana upesi bila kusema sababu, jina lake ni mbio. Na mtu huenda mbio, hupiga mbio, hutoka mbio. Sikatai kwamba matumizi yamepanuka. Leo mwanariadha hukimbia mita 1500 na hakuna anayeuliza anamkimbia nani. Hata hivyo kivuli cha woga hakijaliacha neno hilo, na mwenye sikio hukiona.

Waliotafsiri Biblia katika toleo la Kiswahili cha Muungano, lililotoka mwaka 1952, walikuwa na sikio hilo. Katika habari ya mwana mpotevu, baba anapomwona mwanawe kwa mbali, hawakumfanya akimbie. Walimfanya aende mbio. Yona, ambaye alikuwa akijiepusha na aliyemtuma, wao walimpa kukimbilia. Kiingereza cha kawaida kingeweza kutumia run kwa wote wawili na kuacha maneno mengine ya sentensi yaeleze. Kiswahili kililazimika kuchagua, na kwa kuchagua kikasema jambo: baba hakuogopa kitu, na nabii aliogopa.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu, aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare ikatoka mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, alikutana na mtego wa namna hiyo kwa upande wa pili. Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo majeshi yanashindwa, na watu wanahimizana kwa neno fly. Mwanafunzi wetu mwenye ukurasa wake angewarusha hewani kama ndege. Kiingereza cha Shakespeare kilitumia neno hilo kwa kumkimbia adui, na hapo ndipo kukimbia kwetu kunakokaa sawasawa, mahali pa kushindwa na kuokoa roho. Mfasiri huanza kazi yake kwa kujua neno gani ni la hofu na neno gani ni la mwendo tu. Asiyejua hilo hatafsiri, anabadilisha nguo.

Jambo jingine ambalo ukurasa ule haulisemi ni mahali ambapo kila lugha inaweka uzito wa sentensi. Mwingereza huweka namna ya mwendo katika kitenzi, kisha huambatisha kijineno kidogo cha kuonyesha upande: huenda mbio ndani, mbio nje, mbio juu, mbio chini, na kitenzi kinabaki kile kile run. Sisi tunafanya kinyume. Upande tunautia katika kitenzi, na mwendo tunauweka nyuma: aliingia mbio, alitoka mbio, alipanda mbio, alishuka mbio. Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Leonard Talmy, alieleza tofauti ya namna hii kati ya lugha za dunia katika maandishi yake ya mwaka 1985, na Kihispania na Kifaransa nazo hufanya kama Kiswahili. Kwa hiyo mtoto anayeandika kwa Kiingereza chake kwamba mtu "entered running" hajachanganyikiwa. Amefikiri vizuri kwa mpangilio wa lugha yake, na anastahili kuelezwa njia ya pili badala ya kuchapwa kalamu nyekundu na kuachwa gizani.

Na pale Kiingereza kinapotumia vijineno, sisi tuna viambishi vya mwisho vya kitenzi, navyo ni vikali kuliko wembe. Tembo wanapotoka hifadhini na kuingia katika mashamba ya mahindi na mtama, watu wa vijiji vya kando ya Ikorongo na Grumeti hutoka usiku na madebe na tochi. Asubuhi mmoja atasimulia kwamba walimkimbiza tembo, na mwingine kwamba walimkimbia. Tofauti ni sauti moja tu, z. Katika sauti hiyo moja mna shamba lililookoka na shamba lililoliwa, mna ushujaa na mna watu juu ya miti. Ukurasa unaofundisha kukimbia bila kufundisha kukimbiza, kukimbilia na kukimbizana umefundisha mti bila matawi.

Nitaje sasa palipo na hatari. Mkoa wetu umesumbuliwa kwa muda mrefu na wizi wa ng'ombe. Ng'ombe wanapochukuliwa usiku, yowe hupigwa, na kila mwanamume anayelisikia anatakiwa atoke aelekee linakotoka. Tuchukue mfano, ambao ni mfano tu. Kijana ameonekana usiku huo akipita kasi kwenye njia. Shahidi mmoja anasema, "Nilimwona akikimbilia yowe." Mwingine anasema, "Nilimwona akienda mbio." Wa tatu anasema, "Nilimwona akikimbia." Kwa Kiswahili wa kwanza amemsifu kijana, wa pili hakusema lolote ila mwendo, na wa tatu, atake asitake, amemtilia mashaka.

Mahakama zetu za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani. Lakini katika mahakama ya wilaya na zile za juu yake, mpaka yalipokuja mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, shahidi alisema kwa Kiswahili na mwenendo ukaandikwa kwa Kiingereza. Hebu fikiria kalamu ya mwandishi usiku wa taa hafifu, au saa nane mchana katika joto, akiwa na safu ile ya kukimbia kichwani. Akiandika ran kwa wote watatu, ameufuta ushahidi wa yule wa kwanza uliomwokoa kijana. Akiandika fled au ran away kwa yule wa pili, amemfanya kijana mkimbiaji wa hatia, na hakimu wa rufaa atakayesoma karatasi hizo mbali na Mara, asiyemwona shahidi wala kusikia sauti yake, hatakuwa na chochote cha kumwambia vingine. Mwenendo wa mtu baada ya tukio ni jambo linaloweza kuzingatiwa mahakamani, na kukimbia ni mwenendo. Sisemi kwamba fulani alifungwa kwa ajili ya kitenzi. Nasema kwamba mlango ulikuwa wazi, na ukurasa wetu wa mtihani ni mmojawapo wa walioufungua. Mabadiliko ya mwaka 2021 yameuegesha mlango huo, ingawa majalada mengi ya zamani yamelala katika Kiingereza, na sheria nyingi bado zinasomwa kwa lugha hiyo.

Baada ya hilo naweza kupita upesi katika viwanja vya michezo na vya siasa. Filbert Bayi, huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika mkoa wetu, alichukua medali ya fedha ya mita 5000 huko Moscow mwaka 1980. Hao walikwenda mbio, na hakuna waliyemkimbia. Wao ndio waliokimbiwa na hewa. John Stephen Akhwari, katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, alianguka, akaumia goti, akamaliza zaidi ya saa moja baada ya mshindi, huku mguu ukiwa na bendeji. Kitenzi chake ni kipi? Sehemu kubwa ya njia ile ya mwisho alichechemea. Lakini rekodi inaandika kwamba alikimbia marathoni akaimaliza, na ni sawa, maana hapo neno limeacha kueleza miguu na linaeleza ahadi.

Katika siasa magazeti yetu yamezoea kuandika mbio za urais na mbio za ubunge, na msemo huo umetoka kwa Wamarekani, ambao mgombea kwao huenda mbio. Waingereza wenyewe husema kwamba mgombea anasimama. Sisi tulisema tangu mwanzo kwamba anagombea, na neno hilo lina ukweli kuliko yote mawili: watu wawili wanavutana juu ya kitu kimoja. Tuna mbio zetu za kweli za taifa, nazo ni za Mwenge wa Uhuru, ambazo wanaozifanya huitwa wakimbiza mwenge ingawa sehemu kubwa ya safari huwa ndani ya gari. Mgeni hucheka akiambiwa. Mimi sicheki, maana Kiswahili hakikusema kwamba wao wanakimbia. Kilisema wanaufanya mwenge ukimbie, na mwenge kwa hakika huizunguka nchi.

Basi ukurasa ule ufanyiwe nini? Nisingependa ufutwe, kwa kuwa mtoto anahitaji maneno hayo. Ningependa uvunjwe safu zake na uandikwe upya kwa sentensi. Mbele ya kila neno la Kiingereza liwekwe jambo: mjusi anavuka ukuta, farasi wa hujaji, panya jikoni, mtu anayemkimbia adui, mtu anayekimbilia yowe. Chini yake mwanafunzi aulizwe, "Kwenu mngesemaje?" na mwalimu akubali kukurupuka, kuchopoka na kukata mbuga, akubali pia neno la Kikurya, la Kiikoma au la Kingoreme ikiwa mtoto analo, kisha ndipo watafute pamoja Kiingereza kilicho karibu. Kazi hiyo itakula vipindi vitatu badala ya kimoja. Nawajua walimu watakaoniambia kwamba muhtasari hauna nafasi hiyo na mtihani unakuja. Ninawajibu kwa methali wanayoifundisha wao wenyewe: mbio za sakafuni huishia ukingoni.